Pafukapo Moshi

Nyumbani kwetu chombo kikigoma hatuulizi kimeharibika nini, tunauliza nani kakiharibu. Friji ilipoacha kugandisha alishukiwa mtoto wa jirani. Pampu ya maji ilipokata roho, lawama zilimwangukia mgeni aliyelala usiku mmoja tu na ambaye, kwa ninavyojua, hakufungua hata bomba. Basi printa ilipoanza vituko vyake masika iliyopita, kesi ilifunguliwa kabla mtu hajanyanyua kifuniko, na washitakiwa walikuwa tele: baba watoto aliyeinunua, shemeji aliyeifunga, kitinda mimba wetu aliyeonekana akiichezea, na mimi ninayeitumia kutwa.

Tunakaa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Chumba cha mbele nimekifanya ofisi. Nachapa barua za maombi ya kazi, risala za mahafali, mikataba ya kupangisha vyumba, na tasnifu za wanafunzi wa vyuo ambao huja jioni ya kuamkia siku ya mwisho huku wakisema, "Ni kurasa chache tu, dada." Mwanzo nilikuwa na printa ya wino wa maji. Ile ukiiacha muda bila kuitumia, wino unakauka kwenye vitundu vya kichwa chake. Ukiirudia inatoa mistari mieupe, na ukiiamuru ijisafishe inamaliza wino uliobaki kwa kujisafisha. Baba watoto akachoka kununua wino ambao hauchapi kitu. Safari moja akarudi kutoka Dar es Salaam na printa ya leza, mtumba, ya rangi nyeusi tu, imeviringishwa blanketi kwenye buti la basi. Ilikuwa nzito hata kijana wa mkokoteni akadai aongezwe hela.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshafika kutoka Pangani kuangalia wajukuu. Akaitazama ikiingizwa, akaizunguka, akasema, "Hili litakunywa umeme, mwanangu."

Na kweli siku hiyo hiyo ikajitia matatani. Baba watoto aliichomeka kwenye UPS ya kompyuta, kwa hoja kwamba umeme ukikatika kazi isikatike. Nikaiagiza ukurasa wa kwanza. Taa ya chumbani ikafifia, feni ikalegea, na UPS ikapiga kelele za kuomba msaada. Ukurasa ukatoka. Nikaagiza wa pili, kelele zikarudi. Mama akaenda moja kwa moja kwenye mita ya LUKU akaanza kusoma uniti zilizobaki kwa sauti, nasi tukimsikia kutoka ndani.

Printa ya leza inachapa kwa unga. Unga huo, tona, ni plastiki laini iliyosagwa na kutiwa weusi, na haukamati karatasi mpaka uyeyushwe. Kazi hiyo inafanyika mwisho wa safari ya karatasi, kwenye sehemu inayoitwa fyuza, ambapo rola mbili zimebanana na moja inachemka karibu nyuzi joto 200 za Selsiasi. Kuupata moto huo kwa sekunde chache kunataka mamia ya wati kwa mkupuo mmoja. Kisha mashine inatulia, kisha inavuta tena. UPS ndogo ya mezani haikutengenezwa kwa mikupuo ya namna hiyo, na vijitabu vya watengenezaji wengi vinakataza waziwazi kuziunganisha. Yetu ilikuwa inalia kwa sababu ina akili timamu. Nikahamisha printa kwenye soketi ya ukutani, peke yake, mbali na ekstensheni iliyobeba friji na feni. Kelele zikaisha. Taa bado hupepesa kidogo mashine inapoamka, na Mama akiona hivyo hukohoa.

Kesi ya umeme ilipofungwa, zikaja za karatasi.

Kurasa zilianza kutoka na mabaka. Aya moja imekolea, inayofuata imefifia katikati, kona ya chini haisomeki. Mara karatasi mbili zinaingia pamoja, mara moja inakwama tumboni na kutoka imekunjamana. Juu ya hayo yote palikuwa na kidoa cheusi, kidogo, kinachojirudia kwenye ukurasa kutoka juu hadi chini kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kidoa hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Mteja anaweza kusamehe herufi iliyofifia, lakini barua ya maombi ya kazi yenye madoa inaonekana imeandikiwa jikoni.

Shemeji, mdogo wake baba watoto, amesoma TEHAMA chuoni akaishia njiani, na kwake kila ugonjwa wa kompyuta ni virusi au draiva. "Shemeji, hii ni draiva," akaniambia kabla hajaketi. Akaifuta iliyokuwepo, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye flashi ya rafiki yake, ya printa iliyofanana na yetu kwa rangi ya plastiki. Tukaagiza barua ya ukurasa mmoja. Ikatoka karatasi yenye mstari mmoja tu juu kabisa: alama za asilimia, mabano, dola, na herufi ambazo hazitamkiki. Ikafuata nyingine ya aina hiyo, na nyingine, na nyingine. Shemeji akaizima. Akaiwasha. Ikaendelea pale ilipoachia.

Kumbe printa nazo zina lugha. Kompyuta ilikuwa inaagiza kwa lugha ambayo mashine yetu haikufunzwa, nayo ikaona isiwe taabu, ikawa inaandika ilivyosikia. Kuizima hakusaidii, maana kazi yenyewe imekaa kwenye foleni ya kompyuta ikingoja zamu. Inabidi uifute huko. Mpaka tulipolielewa hilo rimu ilikuwa imeshuka vibaya. Mama aliokota karatasi moja, akaigeuza juu chini, akauliza kama ni hirizi. Zote akazikusanya, na sasa ndizo anazofungia visheti anavyowapelekea majirani.

Tukarudisha draiva ya zamani. Mabaka yaleyale, kidoa kilekile. Niseme tu kwamba draiva ikikosea inakosea maneno, mpangilio, ukubwa wa ukurasa. Haina namna ya kufifisha kona moja ya karatasi na kuiacha nyingine. Shemeji nilimwambia hivyo kwa adabu, akanijibu kwamba teknolojia ina mambo mengi.

Kilichotupeleka kwa fundi ni yule mwanafunzi wa tasnifu. Alirudi asubuhi amekunja uso, akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vyeusi. Akaweka ukurasa wa mbele mezani, akapitisha dole gumba juu ya jina la msimamizi wake, na jina likafutika lote, likabaki vumbi. "Dada, nimempelekea mwalimu. Amenishika mkono, naye amechafuka."

Fundi aliletwa na baba watoto, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba walisoma darasa moja. Akafungua mlango wa mbele, akaitoa katriji, akaitikisa karibu na sikio. Kisha akainama, akajaza mapafu, akapuliza ndani ya mashine kwa nguvu zake zote.

Punje za tona nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Zikiruka hazianguki upesi. Zinaelea, zinachagua pa kutua. Fundi alitoka kwenye lile wingu na nyusi mpya. Punje nyingine zilitua juu ya meza, juu ya chai yake, na juu ya kanzu ya baba watoto iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango, nyeupe, imefuliwa kwa ajili ya Ijumaa.

Wakati huo mimi nilikuwa barazani namtuliza yule mwanafunzi. Niliporudi ndani, binti anayetusaidia kazi alikuwa ameshaonyesha uhodari wake: kanzu imeloweshwa kwa maji ya moto na sabuni, imefikichwa, imeanikwa kidogo, na sasa iko chini ya pasi. Nilimkuta anapita begani kwa mkono mzito. Kila alipopita, kijivu kiligeuka kuwa cheusi, na cheusi kikang'aa. Pasi ikiwekwa kwenye joto la pamba inakaribia joto lile lile la fyuza, kwa hiyo alichokuwa akifanya pale, bila kujua, ni kuichapa kanzu. Tona hukung'utwa ikiwa kavu, na masalia yake hufuliwa kwa maji baridi. Ya moto yanaikaza tu. Ijumaa baba watoto alivaa koti juu ya kanzu, na walipomwuliza msikitini akasema ana homa.

Fundi alinawa, akatoa hukumu: "Dramu imekufa, na fyuza iko njiani." Bei aliyotaja ya vyote viwili ilikaribia bei ya mashine nzima. Akaahidi kuulizia vifaa Dar es Salaam, akaondoka na nauli.

Nimejiuliza baadaye kwa nini sisi wote tulikuwa tayari kuiamini hukumu hiyo. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa ghali. Mtu akikwambia chombo chako kinahitaji kitu cha bei ndogo, unaona hajakichunguza.

Tulikuwa bado tunachangishana wenyewe kwa wenyewe pale mashine ilipoamua kufuka.

Ilikuwa jioni, mvua imepiga tangu adhuhuri, na mimi nachapa sura ya nne ya tasnifu ya mtu. Kitinda mimba alikuwa ameegemea meza akihesabu kurasa zinavyotoka. Ghafla akapiga yowe, "Moto!" Nikageuka. Kwenye mdomo wa printa, pale karatasi zinapotokea, palikuwa na moshi mweupe mwembamba unapanda. Mama akatokea mlangoni. "Pafukapo moshi hapakosi moto!" akasema, na hakungoja tujadili. Alirudi chumbani kwake akatoka na mkoba wake na redio, akaenda kusimama barazani. Baba watoto akakimbilia meni swichi, nyumba nzima ikawa giza. Shemeji akaingia na ndoo ya mchanga aliyoichota kwa jirani anayejenga, akauliza gizani amwage wapi. Jirani naye akafuata nyuma, akiulizia ndoo yake.

"Usimwage!" nikamwambia. Kulikuwa na jambo moja halikuniingia akilini: plastiki ikiungua inanuka, na pale hapakuwa na harufu. Nikaweka kiganja juu ya ule mdomo. Kilikuwa na joto, na nilipokivuta kilikuwa kimelowa.

Ulikuwa mvuke.

Kusema kweli Mama hakuwa na makosa kuogopa. Xerox 914, mashine ya nakala iliyotoka mwaka 1959 na kuwazoesha watu wa maofisini kutoa nakala kwa kubonyeza kitufe, ilikuwa ikiuzwa na kizima moto kidogo, maana karatasi ikikwama karibu na moto wake iliweza kuungua kweli. Mashine za siku hizi zina vidhibiti vinavyokata moto wenyewe. Lakini umeme uliporudishwa na watu wakaingia ndani, hakuna aliyetaka kusikia habari za vidhibiti. Shemeji alisema fyuza ndiyo hiyo imefika mwisho, kama fundi alivyosema, na baba watoto akaanza kutafuta namba ya simu.

Hapo nikaamua kufanya jambo ambalo mafundi wenye subira hulifanya kwanza. Niliagiza ukurasa mmoja, na karatasi ilipofika katikati ya safari nikafungua mlango. Mashine ikasimama. Nikamwondoa kila mtu mezani, hasa wenye tabia ya kupuliza, nikaivuta karatasi taratibu. Unga ulikuwa juu yake, haujayeyushwa, unga mtupu uliojipanga kuwa maneno, ukiugusa unaondoka. Na maneno yenyewe yalikuwa tayari na mabaka. Aya ya pili imefifia katikati, kona ya chini tupu. Yote hayo kabla ya karatasi kufika kwenye moto. Fyuza haiwezi kuharibu kitu ambacho hakijafika mlangoni kwake.

Mama, ambaye sasa alikuwa amerejesha redio mahali pake, akaja kuona. Hakuyaangalia maandishi. Aliishika karatasi kwa pembe mbili, akaitikisa hewani. Akaitikisa tena, karibu na sikio.

"Hii hailii," akasema.

"Hailii vipi, Mama?"

"Karatasi kavu ukiitikisa inalia. Hii imenywa maji. Mnaziweka wapi?"

Wote tukatazama dirishani. Rimu ilikuwa pale, imefunguliwa, imeachwa juu ya kizingiti upande unaopigwa na upepo wa mvua, masika nzima. Ukiiinua karatasi ya juu ilining'inia. Kando zake zilikuwa na mawimbi. Mtu aliyekulia Pangani anakausha chumvi, samaki na nazi huku anagombana na unyevu wa bahari, na vidole vyake vilikuwa vimeshajua jambo ambalo draiva, fundi na mimi tulikuwa tunalizunguka.

Karatasi inavuta unyevu kutoka hewani bila kuonekana imelowa. Ndani ya printa, dramu inabeba unga uliokamatwa kwa chaji ya umeme tuli, na karatasi inapopita chini yake hupewa chaji kwa nyuma ili iuvute unga ule uhamie kwake. Karatasi kavu inaishika chaji hiyo. Karatasi mbichi inaipitisha, inavuja, na pale ilipovuja unga unabaki kwenye dramu. Hayo ndiyo mabaka. Ikiendelea hadi kwenye fyuza, moto unaanza kwa kuchemsha maji yaliyomo badala ya kuyeyusha tona. Maji yanatoka juu, ndio moshi wetu, na tona inatoka nusu mbichi, ndipo jina la msimamizi likafutika kwa dole gumba. Hata kuingia mbili mbili na kukwama kulitokana na hilo hilo, kwa kuwa karatasi zenye unyevu zinagandana na kulegea.

Nilifungua rimu mpya. Karatasi ile ya nje inayofungia rimu ina utando wa kuzuia unyevu, na nasikitika kusema kwamba nyumbani kwetu ilikuwa ndiyo kitu cha kwanza kuchanwa na kutupwa. Nikaagiza ile sura ya nne upya. Ukurasa ukatoka umekolea toka kichwa hadi mguu. Mama akaupitishia dole gumba lake kwa nguvu, akalitazama. Safi.

"Nani alibuni balaa hili?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kupendezwa.

Nikamsimulia. Alikuwa mkazi wa New York, Chester Carlson, aliyefanya kazi ya hataza na kuchoka kunakili hati kwa mkono. Alianzia majaribio jikoni kwake, akiyeyusha salfa juu ya jiko, mpaka nyumba ikanuka mayai viza na mkewe akamtaka ayapeleke kwingine. Akapata chumba Astoria, katika nyumba ya mama mkwe wake. Humo, tarehe 22 Oktoba 1938, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa mpaka likapata umeme tuli, wakaliwekea kioo chenye maandishi ya wino na kulimulika kwa taa kali. Penye mwanga chaji ikatoroka, penye maandishi ikabaki. Wakanyunyiza unga, wakapuliza uliozidi, wakaukandamizia karatasi ya nta, wakaipasha moto. Ikasomeka: tarehe ya siku hiyo na jina Astoria. Aliyekuja kuweka leza mahali pa ile taa ni Gary Starkweather wa Xerox, miaka thelathini na ushei baadaye.

Mama alisikiliza yote, akashika jambo moja. "Kwa hiyo bila mama mkwe msingekuwa nayo."

Sikuwa na jibu. Baba watoto alicheka mpaka akakohoa.

Kikabaki kidoa. Karatasi kavu haikukifanya chochote. Kilikuwa pale pale, kimejipanga juu kwenda chini kwa nafasi sawa. Na ule usawa wa nafasi ndio uliokuwa ushahidi. Ndani ya printa karibu kila kitu ni rola, na rola yenye doa inaliacha doa hilo kila inapomaliza mzunguko. Rola hazilingani unene, kwa hiyo umbali kati ya doa na doa unamtaja mwenye kosa. Nikamwita kitinda mimba, aliyekuwa darasa la sita na amefika kwenye somo la duara, kipenyo na pai. Nikampa ukurasa na rula.

Alipima akiwa ametoa ulimi pembeni. Doa hadi doa, milimita 75 na ushei. Akapima tena chini zaidi, ikawa hivyo hivyo. "Sasa tunatafuta kipenyo. Tunagawa kwa pai." Akaandika nyuma ya karatasi ya hirizi, akagawa 75.4 kwa 3.14, akapata 24, kidogo juu. Nikaitoa katriji, nikazima taa ya juu ya meza, akaweka rula kwenye ncha ya dramu bila kuigusa. Milimita 24.

"Ni dramu!" akaruka.

Baba watoto akasema kwa unyonge, "Basi fundi alikuwa sahihi nusu."

Nikaizungusha dramu polepole kwa gia yake ya pembeni, nikiielekezea mwanga hafifu wa simu kwa mbali, maana ngozi ya dramu inaishi kwa kuhisi mwanga na ukiianika mchana unaiua kweli. Ilikuwa ya buluu inayoteleza, safi, mpaka ikafika sehemu moja karibu na ukingo wa kushoto. Hapo palikuwa na kitu kidogo kimeganda, kipana kuliko kichwa cha pini, chenye kunata. Na pembeni yake kilikuwa kimekamata uzi mwembamba wa rangi ya waridi, wa kumeta.

Chumba kizima kikamgeukia kitinda mimba. Yeye alikuwa bado ameshika rula.

Uzi ule ulitoka kwenye stika zake za madaftari, alizonunua kwa pesa yake ya vitumbua, zenye vipepeo vya waridi. Alitaka jina lake lichapwe juu yake. Alikuwa ameshabandua mbili, na palipobanduliwa gundi ilikuwa wazi, nayo karatasi ya stika iliyobaki akaiingiza kwenye printa mchana mmoja nilipokwenda sokoni. Ilipita chini ya dramu, ikaacha gundi, ikatoka na jina lake limepinda. Alilieleza hilo kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa mtindo ule ule aliotumia kugawa kwa pai.

Nyumba iliyokuwa inatafuta mkosaji tangu mwanzo wa masika sasa ilikuwa naye mkononi, amejipima mwenyewe kwa rula yake. Baba watoto akavuta pumzi ya kuanza hotuba. Mama akamwahi.

"Hesabu amepata," akasema. "Mwache."

Nikachukua kijiti cha pamba cha masikio, kikavu, nikaisugua ile gundi kwa upole mpaka ikajikunja na kutoka. Hakuna kucha, hakuna kisu, hakuna spiriti. Wakati napumzisha macho niliizungushia dramu kanga mbili ili mwanga usiifikie, na Mama akasema sasa imetulia, inaonekana mzazi. Ukurasa wa kwanza baada ya hapo ulitoka na kidoa kilichofifia. Uliofuata haukuwa nacho.

Fundi alipiga simu keshoye. Amepata dramu, alisema, lakini anahitaji kianzio. Baba watoto akamwuliza kama anaweza kupata kanzu.

Rimu sasa zinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwenye kona iliyo mbali na dirisha, na ukitaka karatasi unafungua, unachukua unazohitaji, unafunika. Sheria hiyo ni ya Mama, naye ndiye anayeisimamia. UPS imebaki na kompyuta peke yake. Shemeji amerudishiwa flashi ya rafiki yake.

Juzi Mama kaingia ofisini na bahasha kubwa. Mpwa wake anaoa huko Pangani na kamati imempa yeye jukumu la kadi za mchango. Akazitoa mezani: kadi ngumu, nene mno kwa mdomo wa mashine ile, zimenyunyiziwa vumbi la dhahabu linalobaki vidoleni ukizigusa. Alikuwa ameshaangalia mwenyewe, akasema, zote zinalia.

"Mama, hizi nitazipeleka steshenari," nikamwambia.

Akaitazama printa, akanitazama mimi.

"Kumbe nayo inachagua," akasema, akaanza kuzihesabu upya.